Tupeane uzoefu: Januari 12 ndani ya nyumba yenu ilikuwa siku gani?

Mwana_Kikwajuni
Wadau, mwanangu kapewa kazi skuli: aulize wazee wa nyumbani habari za Mapinduzi ya Zanzibar. Babu yake mzaa baba alipata eka tatu za shamba zilizogawiwa baada ya Mapinduzi. Babu yake mzaa mama alichukuliwa wiki ile ile ya Januari 1964, hakurudi. Familia moja, sinia moja. Gwaride tunaliona sote kwenye televisheni. Nataka kusikia ya ndani: kwenu mlikuwa mnafanya nini siku hiyo?

Halaiki_Amaan
Sie watoto wa halaiki. Mazoezi juani wiki kwa wiki, usiku wa kuamkia 12 fataki, asubuhi uwanjani. Sare yangu akiipiga pasi bibi kwa mkono wake, pasi ya mkaa, hataki mtu amsaidie. Alizaliwa kwenye shamba la watu, akilima kwa ruhusa na kuondoshwa kwa ruhusa. Eka tatu alizopewa ndiyo mali yake ya kwanza duniani. Baba akasoma kwa kuwa Septemba 1964 elimu ilitangazwa bure. Kwetu ni siku ya pilau na siombi radhi kwa hilo.

BintiMalindi
Kwetu fataki zikianza taa zinazimwa. Bibi hahesabu Januari, anahesabu Shaaban, maana ilikuwa siku za mwisho mwisho kabla ya Ramadhani, watu wameshaweka tende na unga wa mfungo. Babu na nduguze wawili walitolewa nyumbani. Makaburi hatuyajui. Kila Shaaban tunasoma khitma, na jirani akiuliza tunajibu ni ya wazee wote.

pakacha
Hiyo ya "wazee wote" hata kwetu. Neno kwa neno.

Mkweli_Daima
Poleni. Ila hadithi isianzie Januari 12. Juni 1961 walikufa watu 68 kwenye vurugu za uchaguzi. Julai 1963 chama cha ASP (Afro-Shirazi) kikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura na kuambulia viti 13, wapinzani wake, vyama vya ZNP na ZPPP, wakaunda serikali kwa viti 18. Watu hawakuamka tu asubuhi wakashika mapanga.

BintiMalindi
@Mkweli_Daima viti hivyo babu yangu hakuvikalia hata kimoja. Alikuwa akiuza mafuta ya taa kwa kibaba.

Mkweli_Daima
Na wangu alikuwa mchukuzi bandarini mpaka uti wa mgongo ukapinda. Usinipimie msiba, dada.

BintiMalindi
Sijakupimia. Wako ana mnara wa Mapinduzi pale Michenzani, mjini. Wangu nimuonyeshe mwanangu wapi?

Mtoto_wa_Micheweni
Nimesoma kimya tangu jana, leo siwezi. Mie wa Pemba, na Januari yangu si 12. Ni 27, mwaka 2001, Jumamosi, siku ya maandamano ya CUF, chama cha upinzani, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000.

Mama alikuwa amebandika muhogo. Tukasikia milio, kwanza tukadhani ni mabomu ya machozi. Kaka aliletwa amelazwa juu ya mlango, watu wanne wameushika, na mkono wake mmoja unaning'inia unagonga magoti ya aliyekuwa nyuma. Mpaka leo nakiona kile kigoti kinavyojaribu kukwepa. Watu waliogopa kumpeleka hospitali kwa sababu walioumia walikuwa wakikamatwa. Alikata roho kabla ya magharibi. Sanda ilikuwa shuka ya kitanda cha mama, ile ya maua, kwa kuwa duka halikufunguliwa. Akazikwa usiku, taa ya mkono imefunikwa kwa kanga.

Baba alisema hatulali hapa. Tukaingia mashuani, mama na lile sufuria lake, muhogo nusu mbichi. Tuliula baharini umeingia maji ya chumvi. Shimoni, Kenya, watu wakatupokea kwa uji. Zaidi ya watu 2,000 tulivuka namna ile. Baadaye wengine walipelekwa mpaka kambi ya wakimbizi ya Dadaab.

Human Rights Watch waliandika waliouawa hawakupungua 35. Kaka yangu yumo humo, bila jina. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wa CUF walipokutana baba alishukuru Mungu, na Julai 2010 akapiga kura ya ndiyo kwa serikali ya umoja. Nami ningepiga. Lakini waliopatana ni wakubwa. Hakuna aliyepiga hodi kwa mama akamuuliza mwanawe aliitwa nani.

pakacha
Inna lillahi. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mzee_wa_Barza
Allah amrehemu. Lakini uzi ni wa 1964. Ya 2001 ni siasa za vyama, fungueni uzi wake.

Halaiki_Amaan
@Mzee_wa_Barza mwache. Mie niliyekula pilau nasema mwache aseme.

Mzee_wa_Barza
Sijamkataza mtu. Nasema kila maiti apewe siku yake, tusiwarundike.

Seeb_Mswahili
Niko Oman. Mzee Jamshid, sultani aliyepinduliwa 1964, alipofariki Muscat Desemba 2024, mama alilia siku nzima. Nikamuuliza, kumbe ulimpenda sultani? Akasema sultani simjui, namlilia shoga yangu wa Ng'ambo, ule mtaa wa Unguja mjini, tuliagana kwa jicho tu. Vijana wetu huku wanafundishwa Zanzibar ilikuwa pepo. Nao hawaelezwi nani alikuwa akichuma karafuu za peponi.

Ticha_Wete
Kwa mwenye uzi: mtoto bado mdogo, andika "babu alikuwa mkulima", chukua maksi, mengine akikua.

BintiMalindi
Usifanye hivyo. Kwetu tulisubiri akue, bibi akapoteza kumbukumbu.

kibatari
Mpeleke kwa bibi zote mbili siku moja, mkae jikoni. Ukiwaweka sebuleni wataanza kuhutubia.

Mkweli_Daima
@kibatari hilo nalikubali. Na simu irekodi, ila waambiwe kwanza. @Mtoto_wa_Micheweni, mama yupo? Kama yuko tayari, tuandikie jina la kaka yako.

Mtoto_wa_Micheweni
Yupo. Nitamuuliza kwanza yeye.