Tupeane uzoefu: Watu wa dharura, habari ya kifo mnawafikishiaje ndugu?

Daktari wa zamu

Wakuu salaam. Nina mwaka wa nne kitengo cha dharura, hospitali ya rufaa mkoani. Kumhudumia mgonjwa tunafundishwa vizuri: kwanza njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, hata kama mtu ameingia analilia mguu uliovunjika. Tangu Muhimbili wafungue idara yao ya dharura mwaka 2010 na mabingwa wa fani hii waanze kusomeshwa hapa hapa nchini, mengi yamebadilika. Ila kutoka nje ya lile pazia kwenda kumwambia mzazi, hilo nimejifunza kwa kuumiza watu.

Mwaka jana, saa tisa usiku, aliletwa kijana wa bodaboda, damu imejaa tumboni. Moyo ukasimama. Tulimkandamiza kifua kwa kupokezana dakika 40. Nje kwenye benchi mama yake amepakata helmeti ya mwanawe na ndala moja. Nikamuuliza, "Mama, umekuja na nani?" Wengi wakisikia swali hilo wanaelewa. Yeye akasema, "Niko peke yangu, baba." Nikamwambia, "Mama, tumejitahidi sana." Akanishika mkono. "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Kwa hiyo nikamletee uji?"

Ilibidi nianze upya. Tangu usiku ule sisemi "tumejitahidi" wala "hatunaye". Nasema amefariki.

Nyie mnafanyaje? Na nyumbani mnarudi na nini moyoni?

Sista wa usiku

Pole Dokta. Mimi nina miaka 11 kwenye kazi hii. Ombi langu kwenu madaktari ni moja: kaeni chini. Wengi mnasema mkiwa wima, mkono mmoja umeshika pazia, ndugu anaona kabisa kwamba unataka kuondoka. Na msitoke na glavu zenye damu.

Halafu tupeni dakika kumi kabla ndugu hawajaingia. Tunamfuta damu usoni, tunamfumba macho, tunamfunga kidevu kwa bandeji, tunabadilisha shuka. Mama akiingia akutane na mwanawe. Wewe ukishakimbilia mgonjwa mwingine, anayebaki naye akigaagaa sakafuni ni mimi, na dakika tano baadaye napokea mtoto mwenye degedege na uso wangu uwe wa kawaida.

Kuna mahali niliwahi kufanya kazi, mtu alikuwa anakabidhiwa bili machozi hayajakauka. Niliacha kazi pale.

Dada mfiwa

Mimi si mtu wa afya, naomba niseme. Mwaka 2017 kaka yangu aligongwa na gari. Tulipofika hospitali nikamwacha mlangoni, nikakimbilia polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nikiamini bila karatasi ile hawatamgusa. Narudi nayo, naambiwa amefariki, na kwamba matibabu walianza pale pale alipofika. Hakuna aliyeniambia nibaki. Mpaka leo ninayo ile karatasi. Ningekuwa nimemshika mkono.

Daktari wa zamu

Pole sana dada yangu. Ni kweli, wa dharura anatibiwa kwanza, PF3 inafuata baadaye. Tunalijua sisi, na nyie mlangoni hatuwaambii. Kuanzia wiki hii nitahakikisha pale mapokezi kuna mtu wa kulisema.

Tabibu wa kijijini

Nyie mna pazia na benchi. Hapa kituoni usiku niko mimi na muuguzi mmoja. Akija mjamzito mwenye shida napiga 115, namba ya huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, na ambulensi au dereva wa jamii aliyesajiliwa anakuja, na hilo limetuokolea wengi. Lakini huduma ile ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Mgonjwa wangu alikuwa mtoto wa miaka 3. Malaria kali, viganja vyeupe kabisa, anahema kwa tabu, anahitaji kuongezwa damu na sisi hatuna. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine. Tukapanda bodaboda: dereva, bibi wa mtoto amempakata, mimi nyuma nimeinua dripu juu. Kabla hatujaifikia lami bibi akamgusa dereva begani. "Simama, baba. Tugeuze." Alijua kabla yangu. Sikuwa na la kumwambia.

Tunaishi kijiji kimoja. Kila siku ya mnada namkuta, namwamkia, ananiitikia marahaba, ananiuliza kama watoto wangu hawajambo. Wa kwangu wa mwisho naye ana miaka 3 sasa. Akichemka kidogo tu, mke wangu analala, mimi silali.

Sista wa usiku

Tabibu, msibani ulikwenda?

Tabibu wa kijijini

Nilikwenda. Nilisimama pembeni na wanaume, naogopa kusogea. Babu wa mtoto akaniletea kiti.