Naomba ushauri: nipunguzeje plastiki shambani?

Wakuu habari zenu, nalima mboga na plastiki imezidi shambani, ile nailoni nyeusi ya kutandaza kwenye matuta inazuia magugu na kutunza unyevu kweli ila ikipigwa jua sana inachanikachanika, ukija kulima vipande vinazama udongoni na haviozi leo wala kesho. Kuchoma sitaki kabisa, ule moshi ni sumu. Nafikiria kuhamia kwenye nyasi kavu, mwenye uzoefu anijuze unene gani unatosha kuzuia magugu na je mchwa hawasumbui? Halafu miche, kuna anayeotesha bila viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea? Makopo ya dawa nasuuza mara 3 nayatoboa yasitumike tena, ila baada ya hapo nyie mnayapeleka wapi?