Boti ya mashindano ya mtumba, nataka kuvuka bahari peke yangu, bei yake naipimaje?

Fundi_Kirumba
Habarini wakuu, naombeni ushauri wa dhati. Niko Mwanza, natengeneza boti za faiba hapa Kirumba mwaka wa tisa sasa, nimekulia Ukerewe na tanga nimelishika toka mdogo, yale ya viroba vilivyoshonwa kwa mkono tukienda kutega sangara. Ndoto yangu ni kuvuka kutoka Dar mpaka Shelisheli peke yangu, kama kilomita 1,800 hivi. Sasa kuna boti ya tanga iko Dar, futi 30, ya mashindano, iliundwa Ulaya 1983, mwenyewe anataka milioni 38 na ananitumia matangazo ya boti kama hiyo huko Ulaya bei karibu mara mbili, eti nione napewa bure. Akiba yangu yote ni milioni 41. Faiba naijua ila waya za kushikilia mlingoti na mkuku wa risasi, ule uzito wa chini ya boti, sijawahi kuvigusa, mitumbwi yetu haina hivyo vitu. Nisaidieni.

Baharia_wa_Tanga
Mkuu hongera kwa kuuliza kabla hujatoa hela. Nimehamisha yoti za watu miaka mingi, Tanga, Mombasa mpaka Mayotte, nikuambie ninavyopima mimi. Matangazo ya Ulaya weka pembeni, ile ni bei anayoitamani muuzaji, siyo bei aliyouzia, na boti yako iko Dar ambako wanunuzi wa boti ya namna hiyo unawahesabu kwa vidole. Halafu bodi ya mashindano ikizeeka haina hela, maana aliyeinunua mpya alikuwa analipia ushindi na ushindi ulishahamia kwenye boti mpya zamani sana. Thamani iko kwenye vitu vinavyochakaa. Waya za mlingoti mabaharia wengi wanabadilisha kila baada ya miaka 10 hivi hata kama zinang'aa, kwa sababu zinaliwa pale mwisho zinapoingia kwenye kichwa cha chuma, huwezi kuona. Aonyeshe risiti, hamna risiti basi hesabu waya zote mpya. Tanga atakuambia ziko nyingi, zile za kisasa za tabaka zilizogandishwa na gundi jua letu linaziachanisha, likunjue juani ulitazame kwa upande wa pili, ukiona malengelenge hilo siyo tanga tena ni turubai. Peke yako unahitaji tanga kuu zima lenye sehemu tatu za kulipunguza, la mbele la kawaida, na dogo la dhoruba. Mengine yote usiyalipie.

Na kuna hili ambalo watu wengi hawaliwazi. Boti nyingi za mashindano za miaka ya 70 na 80 zilichongwa kufuata hesabu za IOR, kanuni ya zamani ya kupimia boti za mashindano, tumbo pana katikati na tezi, yaani nyuma, iliyobanwa, na zilitegemea watu sita saba kukaa ukingoni upande wa joshi, unakotoka upepo, kuzizuia zisilale. Wewe uko mmoja. Upepo ukija nyuma na mawimbi makubwa zinayumba vibaya na usukani unakataa, sasa utalala saa ngapi? Robin Knox-Johnston mwaka 1969 alimaliza kuzunguka dunia peke yake bila kusimama, siku 312, na boti yake Suhaili ilikuwa futi 32 ya mbao za mtiki iliyoundwa Bombay, nzito na haina mbio. Hata yale mashindano ya Golden Globe ya siku hizi, ya kuzunguka dunia peke yako, wanataka boti za futi 32 mpaka 36 zenye mkuku mrefu. Kama unataka ya mbio iliyochorwa kwa mtu mmoja zipo za Mini Transat, mashindano ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, mita 6.5 tu, ila upana wake ni mita 3 kwa hiyo ndani ya kontena la kawaida haiingii, usafiri wake utakumaliza.

Dada_wa_Igombe
Mdogo wangu, mimi nina boti za mizigo za kwenda visiwani. Kabla ya tanga uliza makaratasi. Boti iliyoletwa na mgeni muulize ushuru ulilipwa au iliingia kwa muda tu, maana ukinunua deni linakuwa lako, na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, watataka kuikagua na kuisajili. Jina la kwenye hati lifanane na la anayepokea hela. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa injini na mtu ambaye siyo mwenyewe, ilinichukua mwaka mzima kuimaliza hiyo kesi. Na milioni 41 zote usiingize kwenye boti, acha ya redio, boya la uokoaji na kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti.

Fundi_Kirumba
Asanteni sana. Nilipanda basi nikaenda kuiona. Nikachukua nyundo ya mpira nikaigonga bodi yote kama ninavyofanya kazini, pembeni inalia vizuri, kavu, ila sitaha kuzunguka mlingoti sauti inakufa, kama unagonga godoro. Ndani yake ni mbao laini ya balsa na imelowa, kama mita moja na nusu ya mraba. Hiyo kazi naiweza mwenyewe. Kilichonitisha ni chini, nilipiga mbizi nikapapasa pale mkuku unapokutana na bodi, upande wa mbele kuna ufa kucha yangu inaingia, na ndani kwenye bolti mbili zinazoshika mkuku kuna mchirizi wa kutu. Waya hazina risiti. Nimempa hesabu yangu kwenye karatasi, nikatoa waya, tanga mbili na mkuku, nikafika milioni 17. Alikasirika, leo asubuhi kapiga simu anasema 23.

Baharia_wa_Tanga
Umefanya kazi ya maana. Usiongeze hata mia kabla haijanyanyuliwa majini, na gharama ya kuinyanyua mkubaliane kwanza nani analipa. Ikiwa juu chomoa bolti moja, ile iliyo karibu na ufa, siyo atakayokuchagulia yeye. Ikitoka imeliwa kiunoni, mkuku wote unashushwa na bolti zote zinabadilishwa, na hapo hata 17 ni nyingi. Nipigie picha ya hiyo bolti uiweke hapa.