Muhuri wa mhandisi Ontario: kadi, michoro na barua ya malalamiko

Ujumbe kutoka Brampton

Shikamooni wakubwa zangu, nawasalimu wanajumuiya wote. Nilihamia Ontario mwaka jana pamoja na familia yangu. Nyumbani Tanzania nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na nimefanya kazi za majengo kwa miaka 9. Hapa nimepata kazi ya kuchora katika ofisi ndogo. Ndugu wawili wa jumuiya wameniomba niwachoree besimenti zao, na mmoja wao anataka kuondoa ukuta wa katikati. Nimeambiwa yuko mhandisi ambaye kwa malipo kidogo hugonga muhuri wake juu ya michoro ya watu bila maswali mengi. Vilevile nimechapisha kadi zenye neno “Eng.” mbele ya jina langu, kama tulivyozoea. Naomba kujua kama katika haya lipo linaloweza kuniharibia kabla sijaomba leseni.

Jibu kutoka Hamilton

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kukubali, kwa sababu wengi wetu huuliza baada ya barua kufika.

Kanada haina bodi moja ya wahandisi kwa nchi nzima. Kila jimbo lina sheria yake na chombo chake, na kwetu Ontario chombo hicho ni Professional Engineers Ontario, ambacho wote tunakiita PEO, kilichoanzishwa mwaka 1922. Si chama cha kututetea wahandisi. Kazi kiliyopewa na sheria ni kuulinda umma, na ukilielewa hilo mapema utaelewa kwa nini hakitaridhika na utetezi wa aina ya “mteja ndiye aliyetaka hivyo”.

Nianze na kadi. Kwetu Afrika Mashariki “Eng.” hutangulia jina kama heshima, sawa na Daktari au Mwalimu. Hapa neno hilo ni tamko la kisheria. Kifungu cha 40 cha sheria ya wahandisi ya Ontario kinamkataza asiye na leseni kutumia jina la mhandisi, au kifupisho chake, kwa namna itakayowafanya watu waamini kwamba anaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Faini ya kosa la kwanza la kutumia jina inaweza kufika dola 10,000, na ya kufanya kazi yenyewe bila leseni dola 25,000, kisha viwango hivyo hupanda kosa likirudiwa. Ziweke kadi hizo kando. Hakuna anayekuzuia kutaja shahada yako na mahali ulipoipata. Vijana wetu wa kompyuta nao waangalie jina la cheo wanaloliandika mtandaoni: Alberta ililegeza sheria mwaka 2023 ili watu wa programu waweze kujiita wahandisi wa programu, lakini ruhusa hiyo haivuki mpaka wa jimbo.

Kuhusu muhuri wa kukodi nakusihi usikubali, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu jambo hili linaniuma. Kanuni namba 941, iliyo chini ya sheria hiyo, inataja waziwazi kwamba kutia saini au muhuri kwenye mchoro ambao mhandisi hakuuandaa wala kuukagua mwenyewe ni utovu wa maadili ya taaluma. Huyo anayegonga bila kuuliza anaihatarisha leseni yake, na wewe unayempelekea michoro unajianzishia rekodi mbaya, kwani msajili anaweza kumkatalia leseni mwombaji ambaye mwenendo wake wa nyuma unatia shaka juu ya uaminifu wake.

Tarehe 23 Juni 2012, katika mji wa Elliot Lake kaskazini mwa jimbo hili, sehemu ya paa la jengo la maduka la Algo Centre iliporomoka na kuwaua wanawake wawili. Juu ya paa hilo kulikuwa na maegesho ya magari, na kwa zaidi ya miaka 30 maji yenye chumvi ya barabarani, ile inayomwagwa kuyeyusha barafu, yalikuwa yakivuja hadi yakala kiungo cha chuma kilichoshikilia boriti. Wiki chache kabla ya hapo mhandisi alikuwa amelikagua jengo na kuandika kwamba liko imara. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Paul Bélanger ilibaini kwamba mkaguzi huyo tayari alikuwa amenyang’anywa leseni kwa shauri jingine la nidhamu, kwamba mhandisi mwenzake ndiye aliyetia saini ripoti, na kwamba baadaye ripoti ilibadilishwa kwa ombi la mwenye jengo bila mtiaji saini kuarifiwa. Mahakama ilimwachia huru mkaguzi huyo katika kesi ya jinai mwaka 2017, na ni haki kulitaja hilo. Lakini ripoti ya tume ya mwaka 2014 ndiyo iliyosukuma mabadiliko mengi tunayoishi nayo leo, likiwemo sharti la wenye leseni kuripoti mafunzo endelevu kila mwaka, lililoanza mwaka 2023.

Mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa pili baada ya kupata leseni, niliwekewa mezani michoro ya boriti ambazo sikuzipigia hesabu na nikaambiwa nigonge muhuri kabla ya saa kumi jioni. Nilikataa, na mkataba wangu haukuongezwa. Nyumbani ilikuwa miezi minne migumu, mke wangu akibeba kodi peke yake. Hata hivyo leseni ninayo hadi leo.

Sasa, njia halali ipo. Sheria inamruhusu asiye na leseni kufanya kazi ya kihandisi pale ambapo mhandisi mwenye leseni anaisimamia na kubeba dhamana yake. Kusimamia maana yake anaiona kazi ikikua, anaangalia hesabu zako, anakurudishia ulipokosea. Ofisi inayouza huduma hiyo kwa umma lazima nayo iwe na cheti cha idhini cha PEO, kwa hiyo muulize mwajiri wako kama anacho. Michoro ya kawaida ya nyumba ndogo inaweza kuandaliwa na mwenye nyumba kwa ajili ya nyumba yake, au na msanifu aliyesajiliwa chini ya kanuni za ujenzi za jimbo mwenye namba ya BCIN, yaani namba ya utambulisho inayotolewa chini ya kanuni hizo. Ukuta unaobeba mzigo ni habari nyingine. Mwambie ndugu yetu amlipe mhandisi afike nyumbani kwake, apime na kupiga hesabu, naye athibitishe jina la mhandisi huyo katika orodha ya PEO iliyo wazi kwa umma.

Kuhusu leseni yako, tangu Mei 2023 PEO haidai tena mwaka mmoja wa uzoefu wa Kanada, sharti lililowafanya wengi wetu waendeshe teksi. Miezi 48 ya uzoefu bado inahitajika, lakini ya Tanzania inahesabika ukiithibitisha kwa mfumo wa umahiri 34, yaani kuonyesha kwa mifano ya kazi zako kwamba unao kila mmoja wa umahiri huo. Anza leo kuwatafuta wahandisi waliokusimamia kule, kabla hawajastaafu au kubadilisha anwani.

Ujumbe kutoka Ottawa

Kaka wa Hamilton, nashukuru kwa maelezo. Mume wangu ana leseni, na wiki iliyopita amepokea barua kwamba mteja wa zamani amemlalamikia. Anasema ni chuki tu na hataki kujibu. Je, anaweza kuacha?

Jibu kutoka Hamilton

Dada yangu, pole sana. Asiache. Kutojibu humwachia mlalamikaji maelezo yote, hata kama mumeo hana kosa.

Mtu yeyote anaweza kupeleka PEO malalamiko ya maandishi dhidi ya mhandisi. Yanachunguzwa, kisha Kamati ya Malalamiko huamua kuyatupa, kutoa ushauri au onyo, au kuyapeleka kwenye Kamati ya Nidhamu. Kwa hiyo jibu atakaloandika sasa huenda ndilo litakaloizuia safari hiyo. Shauri likifika kwenye nidhamu husikilizwa hadharani kama kesi, na atakayeonekana na hatia anaweza kukaripiwa, kutozwa faini isiyozidi dola 5,000 pamoja na gharama za shauri, kusimamishwa hadi miezi 24, au kufutiwa leseni. Rufaa iko katika Mahakama ya Divisheni.

Akusanye barua pepe, mahesabu na picha zote za mradi huo, wala asifute wala kurekebisha hata ukurasa mmoja. Asimpigie mteja kumsihi. Aiarifu bima yake ya taaluma mara moja, kwa sababu baadhi ya bima hukataa kulipia utetezi zikichelewa kuarifiwa, kisha atafute wakili anayezijua kesi za vyombo vya taaluma. Wakili akihitaji siku zaidi, aziombe kwa maandishi kabla tarehe iliyoandikwa kwenye barua haijapita.