Tupeane uzoefu: Kazi za vikundi vyuoni na jinsi tunavyochukuliana kabla ya kusikilizana

Mwanzisha mada

Habari zenu, ndugu zangu. Wengi wetu tuliosoma vyuo vikuu hapa Tanzania tunaifahamu kazi ya kikundi: mhadhiri anagawa majina kwa kufuata namba za usajili, watu saba au kumi wasiofahamiana wanaambiwa waandae ripoti na kuiwasilisha kwenye semina, na alama wanazopata zinaingia katika zile za mazoezi, ambazo katika vyuo vingi ni 40 kwa 100. Lawama inayosikika sana kuhusu vikundi hivi ni ya utegeaji, yaani mtu kuandikwa jina bila kufanya kazi. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini kwa maoni yangu imefunika jambo kubwa zaidi, nalo ni namna watu wanavyopimana katika kikao cha kwanza, hata kabla swali halijasomwa. Huyu katoka shule ya vipaji maalumu, yule katoka shule ya kata. Huyu kaingia kwa stashahada, yule ni mwalimu aliyekuja kujiendeleza. Hakuna anayetamka vipimo hivyo, lakini ndivyo vinavyoamua nani aulizwe maoni na nani apewe kazi ya kuchapa.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia. Kikundi chetu kilikuwa kimefanya utafiti mdogo kuhusu mikopo ya mama lishe wanaouza karibu na chuo. Madodoso 60 yalisambazwa na 48 yakarudi, na kati ya waliojibu, 24 walisema hukopa kwenye vikoba. Jedwali lilionyesha asilimia 40. Kijana mmoja aliyesoma shule ya kata, mpole, alisema kwa Kiswahili kwamba kigawanyo kinapaswa kuwa 48 na si 60, hivyo jibu ni asilimia 50. Hakuna aliyeinua kichwa. Baadaye kidogo mwenzetu mwingine, msemaji mzuri wa Kiingereza, alilirudia jambo lile lile, na hapo kila mtu akaanza kusahihisha. Kuanzia siku hiyo yule kijana alipunguza kusema, na kwenye kundi la WhatsApp akawa anaandika tu "nipo pamoja nanyi". Muhula ulipoisha na tukajaza fomu za kutathminiana, baadhi ya wenzetu waliandika kwamba hakushiriki. Liliniuma, kwa sababu ukimya uliotumika kumhukumu ulitengenezwa na sisi wenyewe.

Karibuni mtueleze yaliyowapata ninyi: mlichukuliwaje, na hilo liliathiri vipi ushiriki wenu?

Mhandisi, Iringa

Ahsante kwa mada hii. Nilisomea uhandisi ujenzi, na wasichana tulikuwa wachache kiasi kwamba kila kikundi kilipata mmoja au hakikupata kabisa. Popote nilipopangwa nilifanywa katibu, bila kura wala mjadala, na niliambiwa kuwa ni heshima kwa sababu nina mwandiko mzuri na ni makini. Athari yake niliiona kwenye mafunzo ya upimaji ardhi. Wenzangu walipokezana kwenye darubini ya kupimia, nami nilishika daftari na kuandika namba walizonitajia. Mtu anayeandika maneno ya wengine hapati nafasi ya kusema ya kwake, na baada ya muda hata yeye huanza kuamini kwamba kusema si kazi yake. Mambo yalibadilika tulipopata mkufunzi aliyeweka utaratibu kwamba kila tunapohamisha kituo, aliyekuwa anaandika anakwenda kwenye darubini na aliyekuwa kwenye darubini anachukua daftari. Hakutoa hotuba yoyote kuhusu usawa wa jinsia. Ndani ya wiki ile wenzangu walianza kuniuliza kuhusu vipimo vyenyewe, badala ya kuniuliza kama nimeviandika.

Mwalimu, Kigoma

Kwangu mimi kilichozuia mawasiliano kilikuwa heshima. Niliingia chuo nikiwa nimefundisha miaka mingi, na wanakikundi wenzangu walikuwa na umri wa watoto wangu. Kila nikifika ni "shikamoo mzee", kiti ninaachiwa, na kila ninachopendekeza kinajibiwa "sawa mzee". Nilidhani tunaelewana. Siku ya uwasilishaji nikaona kwenye slaidi kwamba sehemu niliyoiandika imefutwa yote na kuandikwa upya. Nilipowauliza, walisema kwa unyenyekevu kwamba mhadhiri alitaka takwimu za karibuni zaidi, nao waliona vibaya kumrudishia mtu mzima kazi yake.

Vijana wale sikuwalaumu kwa malezi yao, kwa maana ndiyo malezi yetu sote. Hata hivyo nilinyimwa kitu nilichokifuata chuoni, yaani kukosolewa na kujifunza. Katika kikundi kilichofuata niliwaambia mapema kwamba shikamoo naipokea kwa furaha, lakini rasimu yangu ikiwa mezani naomba kila mmoja aniandikie mambo mawili ya kurekebisha. Waliona haya mwanzoni. Yule aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye aliyeanza, na hoja zake zilikuwa na uzito.

Mhasibu, Mwanza

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha mada. Mimi nilitoka shule ya vipaji maalumu, na nawahakikishia kwamba kuchukuliwa kuwa "kichwa" nako kuna gharama yake. Wenzangu walingoja nianze. Nikinyamaza, kikao kizima kilinyamaza; nikikosea, hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa walidhani najua jambo wasilolijua. Nikiwahimiza, nilionekana najidai. Hatimaye nilikuwa nakesha peke yangu nikiandika ripoti ya watu kumi, na wapo waliofurahia hali hiyo kabisa, kwa hiyo tusiseme kwamba kila aliyekaa kimya alinyamazishwa. Watu kumi kwa ripoti ya kurasa tano ni wengi mno. Hapo utegeaji unakaribishwa na mpangilio wenyewe.

Mhadhiri

Mhasibu anagusa jambo lenye historia ndefu. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio yake yaliyoonyesha kwamba kadiri watu wanaovuta kamba pamoja wanavyoongezeka, nguvu anayotoa kila mmoja inapungua. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Latané na wenzake, walipata matokeo ya namna hiyo kwa watu walioombwa kupiga makofi na kupaza sauti. Upande wa pili yuko Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyechunguza vikundi vya wanafunzi darasani na kuona kwamba anayeonekana na wenzake kuwa na hadhi ya juu huzungumza zaidi na kusikilizwa zaidi, na kwa hiyo hujifunza zaidi. Mambo haya mawili hukutana katika kikundi kimoja, na ni vigumu kuyatenganisha kwa kumtazama mtu usoni.

Katika semina zangu vikundi ni vya watu wanne. Kabla ya kikao cha kwanza kila mmoja huniletea ukurasa mmoja wa mawazo yake, na kikundi huanza kwa kuzisoma kurasa zote nne. Ninawaruhusu kujadiliana kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, kwa sababu wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili na kukutana na masomo ya Kiingereza sekondari, na sitaki lugha igeuzwe kipimo cha akili. Mwasilishaji namteua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo.

Mwanzisha mada

Nashukuru, mwalimu wangu. Je, fomu za kutathminiana bado unazitumia?

Mhadhiri

Ninazitumia, lakini sikati alama kwa fomu peke yake. Mwanafunzi akiandikwa na wenzake kwamba hakushiriki, ninamwita pamoja na ule ukurasa wake wa kwanza, kisha tunaifungua ripoti na kutafuta mawazo yake yameishia wapi. Wakati mwingine hayamo kabisa, naye hana la kujieleza. Wakati mwingine yamo, yakiwa chini ya jina la mtu mwingine, na hapo ninakiita kikundi chote.