Mifupa ya mtoto imetoka nyeupe sana kwenye eksirei, ni floraidi kweli?

Mama Dori, Usa River
Habari za jioni wadau, naombeni msaada hasa nyie mlio upande wa hospitali. Kijana wangu ana miaka 9, kavunjika paja akicheza tu na wenzake, hakudondoka kwenye mti wala nini, na mwaka juzi alivunjika mkono kirahisi hivyo hivyo. Tumepiga eksirei, dokta aliyeisoma akaandika mifupa ni myeupe kupita kawaida, akaniambia ni maji yenu ya huku hayo, floraidi, mpe maji ya chupa. Sasa mimi nimezaliwa na kukulia huku, meno yangu yana rangi hiyo ya kahawia tunayoijua wote na sijawahi kuvunjika hata kidole. Meno ya mtoto nayo yana madoa, sikatai, ila moyo haujatulia. Kama mfupa umejaa madini si ndo ungekuwa mgumu zaidi? Mbona unavunjika?

Mkulima wa Ngarenanyuki
Pole sana mama. Mi naona usitafute mbali, ni maji. Huku kwetu watoto wenye miguu iliyopinda wapo wengi tu. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita na vyanzo vingi vya huku Meru vinapita hapo. Halafu magadi ya kuivishia maharage na makande nayo yana floraidi, watu wanasahau kabisa hilo. Na usihangaike kuchemsha, ukichemsha maji yanapungua floraidi inabaki pale pale. Pale Ngurdoto wanachuja kwa mkaa wa mifupa, ulizia.

Radiografa Moshi
Mama Dori pole na kuuguza. Kaka wa Ngarenanyuki yuko sahihi kuhusu maji na magadi, acha hayo magadi hata leo, lakini madoa ya meno yanaonyesha tu kwamba mtoto kapata floraidi wakati meno yanaota, hayathibitishi kwamba ndo iliyovunja paja. Watu wa Arusha tukiona mfupa mweupe tunakimbilia maji, na hapo ndo ugonjwa mwingine unapita bila kuonekana.

Kwanza ishike ile picha kwenye mwanga. Kama hata nyama zimefifia zote weupe basi mionzi ilikuwa kidogo, picha irudiwe. Kama nyama zinaonekana vizuri ila mfupa ni mweupe mpaka katikati, angalia paja: la kawaida lina kuta mbili nyeupe na katikati pana njia ya kijivu, ndo sehemu ya uboho. Hiyo njia ikikosekana, na paja karibu na goti likawa limetanuka badala ya kuwa na kiuno, mimi nawaza osteopetrosisi. Ni ugonjwa wa nadra, wa kurithi, aliyeueleza kwa picha mwaka 1904 ni dokta wa Hamburg, Albers-Schönberg.

Swali lako la ugumu ni zuri sana. Mfupa una seli zinazojenga na zinazokula mfupa wa zamani ili upya uingie. Kwenye ugonjwa huu zile za kula hazifanyi kazi, wa zamani unabaki, mpya unarundikwa juu yake, mfupa unakuwa mzito lakini hauna mpangilio kwa hiyo unakatika kama chaki. Nafasi ya uboho ikibanwa damu inapungua, na matundu ya fuvu yakibanwa mishipa ya macho na masikio inaumia.

Floraidi ya mifupa nayo inaleta weupe ila kwa kawaida ni kwa mtu mzima aliyekunywa maji hayo miaka mingi, inaanzia uti wa mgongo na nyonga, na kano zinageuka mfupa, hata ule utando kati ya mifupa miwili ya mkono chini ya kiwiko unaonekana mweupe. Kwahiyo picha ya paja peke yake haitoshi kuamua. Omba ya uti wa mgongo, nyonga, mkono huo na fuvu, pamoja na kipimo cha damu yote. Pingili za mgongo zikiwa nyeupe juu na chini huku katikati pana kijivu, hapo ni osteopetrosisi, hatubishani tena. Na nikuulize, upande wa baba kuna waliovunjika vunjika?

Mama Dori, Usa River
Asante sana dokta. Nimeishika dirishani, nyama zinaonekana kabisa ila hiyo njia ya kijivu siioni. Na baba yake alivunjika paja akiwa kijana, tena alipopimwa kifua kwa ajili ya kazi waliwahi kumwambia mbavu zako mbona nyeupe hivi, hakuna aliyefuatilia. Yeye kakulia Songea, huku kaja mkubwa.

Radiografa Moshi
Basi mama usikae na hii kitu. Dakika hii omba rufaa ya kliniki ya mifupa hospitali ya KCMC hapa Moshi na baba aende naye apigwe mgongo na nyonga, maana aina isiyo kali mzazi mmoja anaweza kumpa mtoto na yeye mwenyewe asijijue. Bebeni picha zote, hata ile ya mkono ya mwaka juzi. Macho na masikio yapimwe. Na kama ana jino bovu lising'olewe kabla daktari wa meno hajaambiwa, taya la watu hawa likipata maambukizi linachukua muda mrefu sana kupona.