Tupeane uzoefu: Tiketi za spidi kwenye barabara kuu za Marekani, jimbo kwa jimbo

Mkaazi wa Texas

Wakuu, habari za mapumziko. Nimeona nianzishe huu uzi kwa sababu kila mara kuna mtu anauliza "nimepigwa tochi, nifanyeje?" halafu anajibiwa kwa sheria za jimbo la yule anayemjibu. Mtu wa Ohio anamshauri mtu wa Virginia alipe tu amalize. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Tuelewane kwanza: Marekani haina spidi ya nchi nzima. Iliwahi kuwa nayo. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, Rais Nixon alisaini sheria Januari 1974, nchi nzima ikabanwa kwenye maili 55 kwa saa ili kuokoa mafuta. Mwaka 1987 ikaruhusiwa 65 kwenye barabara kuu za nje ya miji. Novemba 1995 Rais Clinton akasaini sheria iliyoondoa kikomo hicho moja kwa moja, kila jimbo likajipangia. Tangu hapo majimbo mengi yamekuwa yakipandisha. Dakota Kaskazini imeingia kwenye 80 mwaka 2025. Hawaii kibao kikubwa kabisa ni 60. Hapa kwetu kuna kipande cha barabara ya kulipia namba 130, upande wa Seguin kuelekea Austin, kibao kinasema 85. Hiyo ni kama kilomita 137 kwa saa, na ni halali kabisa.

Namba ya kibao kila mtu anaiona. Mstari ambao tiketi inageuka kesi hauandikwi popote barabarani, na kila jimbo limeuchora pake. Leteni yaliyowakuta: jimbo, spidi, na kilichofuata. Mambo ya askari alikuwa na roho mbaya tuyafungulie uzi mwingine.

Mama Pacha

Mimi naishi Maryland. Yaliyotukuta ni ya mume wangu, kwenye barabara kuu ya I-95 ndani ya Virginia, tukielekea msibani Carolina Kaskazini. Kibao 70, yeye 86. Askari mpole, "have a good day" juu, akatupa karatasi ya njano. Mume wangu akaiweka kwenye kiboksi cha gari akasema tutalipa mtandaoni tukifika.

Nikaja kuisoma usiku ule mezani kwa wenyeji. Pale kwenye kosa haikuandikwa kuzidisha spidi. Iliandikwa uendeshaji wa hatari, na hakuna kiasi cha kulipa, kuna tarehe ya kufika mahakamani. Virginia ukizidi kibao kwa maili 20, au ukizidi 85 popote pale, hilo ni kosa la jinai, daraja la kwanza kwenye makosa madogo. Kifungo mpaka miezi 12, faini mpaka dola 2,500, na hakimu anaweza kukufungia leseni mpaka miezi sita. Kabla ya Julai 2020 mstari ulikuwa 80, kwa hiyo kwenye kibao cha 70 ulikuwa ukizidi kumi tu na kidogo umeshaingia.

Tukatafuta wakili wa kaunti ileile, siyo wa huku. Mambo mawili aliyotuambia yalitusaidia. Kwanza, gari likapimwe spidomita gereji wakatoa cheti, maana ikisoma chini ya mwendo halisi, hakimu huwa anaiangalia. Ya kwetu ilikuwa inasoma chini kwa maili mbili, tatu hivi. Pili, asome darasa la udereva kabla ya tarehe ya kesi, asisubiri kuamriwa. Siku ya kesi wakili akaongea na mwendesha mashtaka, shitaka likashushwa likawa la spidi ya kawaida. Tulilipa, lakini halikubaki jinai. Wakili alitoza zaidi ya faini yenyewe na sikujutia hata senti.

Na wale wenye kile kidude cha kunusa tochi: Virginia na Washington DC ni marufuku. Kitoeni kabla hamjavuka kuingia huko.

Kijana wa Kati

Mama Pacha pole sana. Swali: kama angesaini pale barabarani, si angekuwa amekubali kosa?

Mama Pacha

Hapana mdogo wangu, alisaini. Saini ni ahadi kwamba utafika mahakamani, siyo kukiri. Ukikataa kusaini ndiyo unajitafutia makubwa.

Dereva wa Semi

Nyie wa magari madogo mna raha. Njooni upande wa CDL, leseni ya kuendesha malori na magari ya biashara.

Sheria ya serikali kuu inasema hivi: ukizidi kibao kwa maili 15 au zaidi, hilo ni kosa kubwa. Makosa makubwa mawili ndani ya miaka mitatu, unakaa nje ya lori siku 60. Matatu, siku 120. Siku 60 bila mzigo na malipo ya trela yanaendelea, mnajua wenyewe.

Halafu zile habari za kusoma darasa tiketi ifutwe, kwetu hazipo. Majimbo yamekatazwa kumfichia mwenye CDL kosa la barabarani, hata kama alikuwa kwenye gari yake ndogo anampeleka mtoto shule. Ninaye rafiki alipigwa akiwa na Corolla ya mkewe, Jumapili. Likaingia kwenye rekodi yake ya lori vilevile.

Kinachotupata zaidi ni vibao vya namba mbili. Indiana gari ndogo 70, lori 65, na kile kibao cha lori kimekaa chini ya kikubwa kama mtoto mgongoni. Kwenye I-80 Nevada unakuta 80 jangwani, unashuka California, lori la ekseli tatu na kuendelea ni 55. Magari yote yanakupita, wanakupigia honi, wewe unakaa 55 na kahawa yako. Dispacha, yule anayetupangia safari, akipiga kuuliza mbona umechelewa, mwambie aiulize California.

Mzee Bakari

Hamjambo vijana. Nimeingia nchi hii miaka ya tisini kwa masomo, nikapata kupita Montana kipindi ambacho mchana hakukuwa na namba kabisa. Kibao kilisema uende kwa mwendo wa busara na wa tahadhari, basi. Usiku ndiyo kulikuwa na 65. Huko nyuma, enzi za 55, Montana haikuipenda sheria ile, ukikamatwa mchana faini dola tano, na kosa lenyewe linaitwa kupoteza mafuta. Watu walikuwa wanatembea na noti za dola tano kwenye gari. Hili la noti nilihadithiwa na wenyeji, sikuliona mwenyewe.

Mwenye gari alikuwa Mmarekani mmoja niliyesoma naye chuo. Alikwenda 90, nikamuuliza je, 90 ni busara? Akasema busara ataamua askari. Na kweli tatizo lilikuwa hapo. Desemba 1998 Mahakama ya Juu ya Montana ikaitupa ile sheria, ikasema haieleweki, raia hawezi kujua mwendo upi ni kosa. Kwa miezi michache mchana haukuwa na kikomo chochote. Mwaka 1999 wakaweka 75, na 2015 wakapandisha kuwa 80.

Kijana wa Kati

Shikamoo mzee. Mlifika salama?

Mzee Bakari

Marahaba. Mafuta yaliisha kabla ya mji. 90 inakunywa.

Binti Atlanta

Georgia. Huyu ni binamu yangu. Alipigwa 87 kwenye I-75, akalipa faini ya kaunti, akatupa risiti, maisha yakaendelea. Baadaye kidogo akahama nyumba. Siku amesimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua, askari anamwambia leseni yako imefungiwa. Vipi tena?

Tangu Januari 2010 Georgia ina sheria ya Super Speeder. Ukifika 85 kwenye barabara yoyote, au 75 kwenye ya njia mbili, jimbo linakutoza dola 200 juu ya ile faini ya mahakama. Hailipwi pamoja. Barua inakuja yenyewe, baada ya kesi kuisha, kwenye anwani iliyo kwenye leseni. Una siku 120. Zikipita, leseni inafungwa na kuirudisha unaongeza dola 50. Barua ya binamu ilikwenda kwenye nyumba ya zamani, mpangaji mpya akaiweka juu ya mashine ya kufulia huko.

Kwa hiyo: umehama, badilisha anwani ya leseni. Umelipa kaunti na ulikuwa 85 kwenda juu, bado hujamaliza.

Mkaazi wa Texas

Ahsante dada. Huku Texas kulikuwa na ada za aina hiyo, za jimbo juu ya faini, zikafutwa Septemba 2019. Zilikuwa zimewafungia watu wengi leseni.

Niwape la kwetu. Tiketi ya kawaida unaweza kuomba darasa la saa sita, mtandaoni, ikafutwa. Masharti: uwe na leseni ya Texas, hujafanya hivyo ndani ya miezi 12 iliyopita, hukuzidi kibao kwa 25 au zaidi, hukufika 95, na siyo eneo la ujenzi lenye wafanyakazi. Lazima uombe KABLA ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Watu wengi wanasoma darasa kwanza ndipo wanaomba ruhusa. Unakuwa umejifunza bure.

Wa Minnesota

Kwetu kuna kitu kinaitwa Dimler. Kwenye kibao cha 55, ukizidi mpaka maili 10, unalipa lakini haiingii kwenye rekodi yako. Kwenye 60 ni mpaka maili tano. Bima haioni. Sasa watu wanasikia juu juu wanadhani ni kila mahali. Kwenye 65 na 70 haipo. Jirani yangu alilipa harakaharaka ya 74 kwenye 65 akiamini Dimler itamwokoa, bima ilipofika kuhuishwa akaniita nimsomee.

Nesi wa Usiku

Maryland tena, kamera za kwenye ujenzi. Zamani ilikuwa dola 40 kwa kila mtu, hata ukiruka. Machi 2023 gari liliingia eneo la kazi kwenye I-695 karibu na Baltimore, wafanyakazi sita wakafa. Sheria ikabadilika. Tangu Januari 2025 ni ngazi: ukizidi kwa 12 mpaka 15 ni dola 60, inapanda, ukizidi kwa 40 ni 500. Wafanyakazi wakiwepo inakuwa mara mbili. Pointi za makosa kwenye leseni hakuna, lakini mimi napita pale saa kumi na moja alfajiri nikitoka zamu, na siku hizi hata wale wa BMW wanapunguza.

Mtu wa Takwimu

Mnalalamikia adhabu, hamuulizi namba zinatoka wapi. Wahandisi wengi wa hapa hupima magari yanavyokwenda yenyewe, wanachukua mwendo ambao asilimia 85 ya madereva hawauzidi, wanaweka kibao karibu na hapo. Kwa hiyo watu wakikimbia, kibao kinawafuata. Kikipanda, wanakimbia tena.

Dereva wa Semi

Kaka, ukiweka 55 kwenye jangwa la Nevada hakuna atakayeifuata. Hatari ni tofauti ya mwendo, huyu 55 yule 85.

Mtu wa Takwimu

Tofauti ya mwendo nakubali. Lakini taasisi ya bima za usalama barabarani, IIHS, ilikadiria mwaka 2019 kwamba kupandisha vikomo kulichangia vifo karibu 37,000 ndani ya miaka 25. Ile 130 ya Texas ilipofunguliwa 2012, siku za mwanzo tu magari yaligonga nguruwe pori. Kwa 85, usiku, taa zako zinamwonyesha nguruwe umeshachelewa.

Mkaazi wa Texas

Ya nguruwe ni kweli, tena ile barabara mimi napita mchana tu.

Msomaji Kimya

Carolina Kaskazini msijisahau: ukizidi kibao kwa zaidi ya 15 na uko juu ya 55, leseni inafungiwa siku 30. Na Florida tangu Julai 2025, ukizidi kibao kwa 50, au ukienda 100 kwa namna ya kuhatarisha wengine, ni jinai, mpaka siku 30 ndani na faini 500 kwa mara ya kwanza.

Kijana wa Kati

Wakuu, Ijumaa natoka Dallas kwenda Atlanta kwa I-20. Nipeni kwa kifupi.

Mkaazi wa Texas

Ukishatoka Texas, nje ya miji ni 70 mpaka Georgia: Louisiana, Mississippi, Alabama, zote. Mijini inashuka ghafla, usisubiri mwenzako apunguze. Georgia usiiguse 85 hata unapompita mtu. Leseni yako ya Texas haikukingi, taarifa zinatumwa jimbo kwa jimbo.

Binti Atlanta

Na ukiwa ndani ya duara la I-285 linalozunguka Atlanta sahau 70 kabisa. Utakaa kwenye foleni hata hivyo.

Kijana wa Kati

Ahsanteni. Nitamwonyesha mke wangu huu uzi, yeye ndiye dereva. Mimi kazi yangu muziki na korosho.